Mpanda Mawimbi wa Makongeni

Sisi watu wa Eastlands ya Nairobi tuna kiburi ambacho hakina dawa. Tunaamini kwamba neno lolote jipya likizaliwa Kenya, limezaliwa kwetu, na likizaliwa kwingine, basi limeibwa kwetu. Mimi nilikuwa na kiburi hicho mara mbili, kwa sababu maneno ndiyo yanayonilisha. Nina kibanda Kariobangi, katikati ya mafundi wa jua kali, ninapochora maandishi: mabango ya vinyozi, majina ya makanisa, misemo ya nyuma ya magari. Mtu akitaka neno ambalo vijana wa mtaa watalisema kesho, anakuja kwangu leo. Kwa hiyo dada yangu mdogo aliponitajia mwanamume mwenye maneno ambayo sikuyajua hata moja, nilimchukia kabla sijamwona.

Dada alikuwa ameenda Pwani kwa semina ya kazini, ya siku tano. Alirudi ameungua na jua, na kila simu ikilia anakimbilia nje kama mtu aliyeacha maziwa motoni.

"Anafanya kazi gani?" nikamuuliza.

"Anasafu."

Kwetu sisi, kusafu ni kukaa saiba ukitazama mtandao huku mwenye saiba akikuhesabia dakika. Nikamwambia dada kwamba mtu mzima anayeshinda saiba si wa kuolewa naye. Akacheka, akafungua simu, akanionyesha video. Kijana mmoja amesimama juu ya ubao, ubao uko juu ya maji, nayo maji yamejikunja nyuma yake yanamfukuza, naye anatabasamu.

"Anapanda mawimbi," dada akasema. "Na anafundisha watalii. Hiyo ndiyo kazi."

"Hiyo ni ngori, balaa kabisa," nikamwambia. "Mzae wetu atasema nini?"

Akazima simu, na nikajua ameshafikiria hilo usiku na mchana.

Lazima nimweleze baba yetu, kwa sababu bila yeye habari hii haina kichwa wala miguu. Baba alikuwa stesheni masta. Nasema alikuwa, ingawa yeye mwenyewe hajakubali kwamba alistaafu. Alifanya kazi katika stesheni ndogondogo za upande wa magharibi, ambako reli ni moja tu na treni zinatoka huku na kule. Kitu pekee kinachozizuia zisigongane ni mtu mmoja mwenye simu. Kabla treni haijaondoka, stesheni masta anampigia mwenzake wa stesheni ya mbele na kumuuliza: njia iko wazi? Mwenzake akijibu kwamba iko wazi, anaandika saa kwenye daftari, anampa dereva karatasi ya ruhusa, na hapo ndipo magurudumu yanapozunguka. Njia moja, treni moja. Sisi watoto tuliijua sheria hiyo kabla ya kujua Baba Yetu Uliye Mbinguni.

Baba alipohamishiwa Nairobi tukapewa nyumba Makongeni, na sheria ikahamia chooni. Choo kilikuwa kimoja kwa nyumba nne. Kila asubuhi mtoto mmoja alitumwa kusimama nje ya mlango wa choo, na Baba, akiwa amejifunga taulo na kushika gazeti, anapaza sauti kutoka nyumbani: "Njia iko wazi?" Mtoto akiona hakuna mtu anajibu, "Iko wazi, Baba!" Ndipo Baba anaanza safari. Nilijibu uongo mara moja tu, nikiwa darasa la tatu, kwa sababu nilitaka kurudi kwenye mpira. Baba akaenda kwa imani yake yote, akamkuta ndani mama mmoja mlokole wa nyumba ya pili. Adhabu niliyopata sitaisimulia, lakini hadi leo sipendi kabisa kujibu simu ya Baba nikiwa sina hakika na ninachosema.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya huyu wa mawimbi, dada alikuwa ameleta mchumba mwingine. Yule alikuja na suti, gari, na msemaji mwenye sauti ya askofu. Baba alimpenda sana. Alimwonyesha hata picha zake za stesheni, heshima ambayo wachungaji wawili wamewahi kuinyimwa. Miezi minne baadaye mwanamke akabisha mlango wetu, mtoto mgongoni, akauliza kwa upole kama hapa ndipo mume wake anapooa.

Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Treni mbili, njia moja," kisha akakaa siku mbili bila kusema na mtu. Dada alilia kwa muda mrefu zaidi ya hizo siku mbili, lakini nafikiri kilichomuumiza zaidi ni kumwona Baba ameaibika kwa ajili yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baba akaapa mbele ya mama kwamba mchumba atakayekuja baada ya huyo hatapewa hata neno moja la kukubaliwa mpaka ijulikane anafanya kazi gani, chini ya mkubwa gani, na kwa sheria gani. Naye dada sasa akaniambia, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha rangi pale Kariobangi, "Mzee akimkataa huyu, mimi basi. Sitaleta mwingine. Na bila neno la Mzee siendi popote."

Nilimwangalia, nikaona hatanii. "Wewe ndiye wa maneno," akaongeza. "Mtafutie huyu maneno ambayo Mzee atayaelewa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuzungumza na kijana wa mawimbi. Siku ya kwanza nilimtumia sauti kwenye simu: "Niaje shem! Form ni gani?" Akanijibu kwa sauti iliyojaa upepo: "Salama, shemeji yangu. Umeamkaje? Wazee hawajambo?" Nilihisi kama nimempigia mwalimu mkuu. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, changu kimelaliwa.

Lakini akianza kusimulia kazi yake, hapo ndipo maneno yalipogeuka. "Leo nimefuliwa," ananiambia. Maana yake wimbi limemwangusha na kumzungusha chini ya maji kama nguo kwenye beseni. Wakifuliwa sana wanasema wamefuliwa na kuanikwa, yaani wimbi limewatupa hadi mchangani. Mtu anayejifunza wanamwita gunia, kwa vile anavyoanguka. Mawimbi hayaji moja moja, yanakuja matatu au manne pamoja, na kundi hilo wanaliita familia. Kubwa kuliko yote katika familia ni mama. Pale mahali wimbi linapoanza kuvunjika ni jikoni, na ukikaa pasipo pako unaambiwa, "Toka jikoni kwa watu."

Nilisikiliza sauti hizo kibandani mara mbilimbili. Wivu ulinishika, nasema kweli. Sisi huku tunabadilisha neno kila baada ya miezi sita. Wa mtaa wa Lucky Summer hamwelewi wa Kariobangi, na hata mwanangu huniambia kwamba maneno yangu ni ya wazee. Hawa watu walikuwa wamekaa na bahari wakaipa maneno ya nyumbani kwao, na maneno yakakaa. Nikachukua brashi nikaandika kwenye kipande cha bati, AMEFULIWA NA KUANIKWA, nikakitundika nje. Kufikia jioni mwenye lori la mchanga alikuwa amekinunua.

Tatizo ni kwamba hakuna neno hata moja kati ya hayo ningeweza kulipeleka kwa stesheni masta. Nilijaribu kichwani. "Baba, mkweo hufuliwa na mama jikoni." Hapana.

Jumapili moja baada ya kanisa, Baba alikuwa anapiga viatu rangi mlangoni. Bila kuinua macho akaniuliza, "Huyo kijana wa Pwani. Kazi yake ni wapi?"

Mdomo huponza kichwa. Nilikuwa na majuma mawili ya maelezo kamili, lakini mdomo ukaenda peke yake. "Bandarini," nikasema.

"Idara gani?"

"Ya majini."

"Chini ya nani?"

"Kuna afisa."

Baba akaweka brashi chini. Akatabasamu, tabasamu lililokuwa halijaonekana tangu siku ya yule mwanamke. Bandari na reli ni ndugu, alisema. Mtu wa bandari anajua ratiba. Kisha akaingia ndani, na nikamsikia akipiga simu kwa marafiki zake wawili wa zamani, dereva wa treni mstaafu na karani wa mizigo mstaafu, akiwaalika waje kumpokea mtu wa bandari siku ya Jumamosi.

Dada aliposikia alinipiga na ndara. Kisha akalia. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na jinsi, akakubali kwamba kijana aseme bandari kwa siku moja tu, na ukweli utafuata baadaye ukiwa umevaa nguo nzuri. Kijana mwenyewe alikataa kwa siku mbili. "Shemeji, uongo wa bandari mie siujui," alisema. Nikamwambia nitamfundisha. Kila jioni nikawa mwalimu wa bandari, mimi ambaye sijawahi kuiona: kreni, makontena, zamu, gati namba hii na ile, vyote nilivyookota kwa wenye malori Kariobangi. Kufikia Ijumaa alikuwa amevikariri kama mtoto wa mitihani.

Jumamosi mchana walifika. Kijana alikuwa mrefu, mweusi, mpole, na viatu vilikuwa vinamuuma, hilo lilionekana kutoka mbali. Aliandamana na shangazi yake anayeishi Lucky Summer, mama wa Kipwani hasa, leso mbili, kikapu cha halua, na shingo isiyoinamia mtu. "Shikamooni wazee," kijana akasema. Makongeni shikamoo hutumika tu kwenye insha za shule. Baba alibabaika, dereva mstaafu akatazama viatu vyake, na karani wa mizigo, aliyewahi kukaa Mombasa, akawaokoa kwa "Marahaba" moja ndefu.

Tukaketi. Mama akaleta chai na chapati. Sala ikasomwa. Kisha Baba akasema kama inavyosemwa: "Basi tumsikie msemaji wa wageni."

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Kwetu, siku ya kujulishwa, mchumba hafungui mdomo. Hukaa, hutazama chini, hula anachopewa. Anayeongea ni msemaji wake. Hili nalijua. Nimekaa kwenye shughuli kama hizo tangu utoto, nimewacheka wachumba wanaotoa jasho kimya kimya. Na bado, kwa siku nne nzima, nilikuwa nimeufundisha bandari mdomo ambao kwa mila haukuwa na ruhusa ya kufunguliwa. Mdomo wenye ruhusa ulikuwa wa shangazi, na shangazi hakuna aliyemwambia kitu.

Nilimkonyeza. Akadhani nina kitu jichoni, akanipa kitambaa.

Karani wa mizigo akajisogeza mbele, furaha imemjaa. "Mama, tumesikia kijana wetu yuko bandarini. Mimi nimepeleka mabehewa huko maisha yangu yote. Yuko gati gani?"

"Gati?" shangazi akasema. "Gati ya nini, baba? Mwanetu hajafanya kazi bandarini hata siku moja."

Chapati ilikwama kooni mwangu, na huko ikakaa.

"Huyu hupanda mawimbi," shangazi akaendelea, kwa fahari ambayo sijawahi kuisikia ikitumiwa kwa kazi yoyote pale Makongeni. "Husimama juu ya bahari mkamwona. Na hufundisha. Watu hupanda ndege kutoka kwao Ulaya waje wafundishwe na huyu."

Dereva alitazama dari. Mama alinitazama mimi, kwa sababu mama hajawahi kuhitaji ushahidi. Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sahani mikononi. Baba akasukuma kikombe chake cha chai katikati ya meza, taratibu, kikiwa bado kimejaa. Katika nyumba yetu kikombe kikisukumwa hivyo, mazungumzo yamekwisha.

Sikuwahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile. Ningesema ukweli tangu mwanzo, kijana angekataliwa kwa kazi yake. Sasa alikuwa anakataliwa kwa uongo, tena uongo wangu.

Kumbe kijana naye alikuwa amekiona kile kikombe. Akamgeukia shangazi yake. "Shangazi, naomba ruhusa niseme." Shangazi akainua kidevu kumruhusu.

"Baba, naomba radhi," akasema. "Niliambiwa niseme bandari na nikakubali. Ningeulizwa, ningesema. Kosa ni langu."

Hakunitaja. Mimi hapo nikaikohoa ile chapati. "Si lake," nikasema. "Ni langu. Yeye alikataa siku mbili."

Baba hakunitazama. Alimtazama kijana, kwa macho ya mtu anayesoma ratiba. "Huko majini," akauliza, "mko wangapi?"

"Siku nyingine watano, siku nyingine ishirini."

"Na mkubwa wenu nani?"

"Hatuna mkubwa, Baba."

"Sheria je?"

"Iko moja." Kijana akasogeza vikombe vitatu mezani ili kuonyesha, akasahau kwamba kimoja ni kile cha Baba. "Tunakaa kwa foleni juu ya maji, tunangoja. Wimbi likija, ni la yule aliye karibu na linapovunjika. Huyo peke yake. Wengine wote wanaliacha, hata kama ndilo zuri la siku nzima. Wimbi moja, mtu mmoja."

Dereva mstaafu aliruka kama mtu aliyekalia msumari. "Bwana stesheni! Umesikia hiyo?"

"Nyamaza," Baba akasema. Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. "Na mtu akiingia kwenye wimbi la mwenzake?"

"Ni mwizi. Watu huumia hivyo. Ubao ni mgumu, unaweza kumvunja mtu uso."

"Wewe umewahi kuingia?"

Ningekuwa mimi ningesema hapana, na nafikiri kila mtu chumbani angesema hapana. Kijana akatazama mikono yake.

"Mara moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimejiona bingwa. Nilimgonga mzee mmoja, nikamvunja bega. Nikakaa nje ya maji mpaka bega lake likapona. Nilikuwa nambebea ubao wake akitembea tu ufukweni, maana alisema ubao nao unataka kuona bahari."

Baba akavuta kile kikombe kikarudi kwake. Hakunywa. Alikishika tu, na dada akaweka sahani chini kabla hazijamwanguka.

"Kijana," Baba akasema, "maneno yako nimeyasikia. Lakini hata yule wa suti alikuwa na maneno. Mimi siruhusu treni kwa maneno ya dereva. Naruhusu kwa jibu la mtu aliye stesheni ya mbele." Na hapo hatimaye akanigeukia. "Wewe. Hii ni mara ya pili unanijibu uongo kuhusu njia."

Mara ya kwanza ilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nadhani amesahau.

"Utaenda huko," akasema. "Utaingia kwenye hayo maji. Utatazama kwa macho yako, si kwa mdomo wako. Nikipiga simu, utanijibu."

Mimi maji ninayoyajua ni ya ndoo. Lakini hukumu ni hukumu, na Ijumaa iliyofuata nilikuwa Pwani, nimevaa nguo ya kubana iliyonionyesha tumbo lote, asubuhi na mapema, mbele ya bahari iliyokuwa inanguruma. Nilipofika ufukweni nilisikia vijana wakiita, "Makongeni! Makongeni!" Nikawapungia mkono. Nilijivuna, nikajiambia, kumbe sifa zetu zimefika hadi huku. Wakaendelea kuita, nami nikaendelea kupunga, mpaka mama muuza mahamri akanihurumia.

"Si wewe, baba," akasema. "Wanamwita yule shemeji yako. Huku kila mtu na jina lake la majini. Yule tangu ampate huyo msichana wa Nairobi, mazungumzo yake ni Makongeni asubuhi, Makongeni jioni. Wakachoka, wakambatiza."

"Na wasichana wengine?" nikauliza, maana nilikuwa kazini.

Mama wa mahamri akacheka mpaka akashika meza. "Wengine? Huyo amewaudhi wote. Anawaonyesha picha ya choo cha kwenu, eti hapo ndipo mkwewe anapopitisha treni."

Nikaingia majini. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi. Mimi niliyanywa. Kijana alinilaza juu ya ubao, akanisukuma, akaniambia nisimame, na kabla neno halijaisha nilikuwa chini, miguu juu, pua imejaa chumvi, sijui mbingu ni wapi. Nilifuliwa, nikasuuzwa, nikafuliwa tena, na wimbi la nne likanianika mchangani nikiwa nimebaki na nusu ya heshima yangu. Watoto wa pale wakapiga makofi wakisema, "Gunia! Gunia!" Kwa mara ya kwanza maishani nilipewa neno na nikakosa la kurudisha.

Nikabaki pale mchangani nikitapika Bahari ya Hindi, na ndipo nilipoona nilichotumwa kuona. Familia ilikuwa inaingia. Hata mimi gunia niliiona, milima mitatu ya maji, na wa tatu ndiye mama. Wanaume wote walikaa sawa juu ya mbao zao. Mama alipofika, kijana wetu alikuwa ameshageuka, ameshapiga maji mara mbili, na ubao umeanza kukimbia. Lakini ndani zaidi, karibu na jikoni, alikuwa mtalii mmoja bibi kizee, kofia ya waridi, anahangaika kupanda wimbi hilohilo. Hakukuwa na mtu duniani aliyeamini kwamba ataliweza. Kijana akavuta ubao wake nyuma, akaliacha. Wimbi zuri kuliko yote ya asubuhi ile likapita na bibi, bibi akasimama kama sekunde mbili, akaanguka, na wote wakashangilia. Kijana alikuwa anashangilia kuliko wote. Hakuwa anajua kwamba natazama. Alidhani bado natapika.

Simu yangu ikalia kwenye kapu la mama wa mahamri, nilikoiacha. Niliipokea na vidole vilivyolowa. Nyuma ya sauti ya Baba nilisikia redio yetu, mama akimwambia mtu anyamaze, na pumzi za mtu aliyesimama karibu sana na simu. Nilijua ni dada.

Baba hakunisalimu. Hakuniuliza nimefikaje, wala kama niko hai. Aliuliza kwa ile sauti ya zamani, iliyokuwa ikivuka uwanja mzima asubuhi na kunikuta nimesimama nje ya mlango, mtoto wa darasa la tatu, mpira unaniita.

"Njia iko wazi?"

Nilitazama majini, pale mtu mmoja alikuwa anamsaidia bibi wa kofia ya waridi kuupata ubao wake. Nilitazama mara ya pili, ili niwe na hakika.

"Iko wazi, Baba."

Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Saa tatu na dakika arobaini," akasema. "Nimeandika."